Nusu ya Punje ya Kahawa

Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikakoma ghafla, na asubuhi hiyo ukungu ulipanda kutoka ziwani ukaifunika Kemondo yote, hata meli iliyotia nanga bandarini haikuonekana. Majani ya migomba yalidondosha maji juu ya bati la jikoni. Senene, wale panzi wa kuliwa, walikuwa wameanguka. Majirani walishaingia kwenye nyasi na ndoo zao, wakiitana kwa Kihaya na kucheka, na mwaka mwingine wowote Klaudia angekuwa wa kwanza kati yao.

Mwaka huu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, rozari mkononi. Jumamosi ni siku ya matendo ya furaha. Aliyasali yote, ulimi ukisema na moyo ukiwa haupo. Alipomaliza alibaki pale pale, paji la uso juu ya shuka.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo, "nilikuomba shahidi, ukanipa. Sasa nikuombe nini?"

Alisimama, akavaa gauni lake la kitenge cha zambarau, lile alilokuwa amelishonesha kwa ajili ya siku hii hii. Siku hii ndiyo iliyokuwa imepangwa familia ya mchumba wake, Dastan, iipokee familia ya Klaudia kule Nyanga, rubisi, pombe ya ndizi, inywewe, siku ya ndoa itajwe. Gauni lilikuwa lile lile na siku ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni swali watakalokwenda kulijibu.

Klaudia Kahangwa alikuwa na miaka thelathini na minane. Alimaliza darasa la saba akaishia hapo, kwa sababu baba yake alifariki na kibanja, shamba lao la migomba na kahawa, kilihitaji mikono. Miaka mingi alichuma kahawa, akauza dagaa bandarini, mpaka parokia ilipoanzisha masomo ya jioni kwa watu wazima. Aliingia darasani na harufu ya dagaa kwenye kanga yake, akakaa dawati la nyuma, akaona aibu. Mwalimu wa historia, kijana mrefu aliyekuwa akija kwa baiskeli kutoka Nyanga bila kulipwa, alimwita akae mbele. Mwalimu huyo ndiye Dastan Ndyamukama.

Kutoka kwenye dawati lile Mungu alimpandisha ngazi kwa ngazi: kidato cha nne, cha sita, shahada ya kwanza, ya pili, na sasa ya uzamivu. Alikuwa akiandika tasnifu juu ya omukago, ule undugu wa kuapishana wa Wahaya wa zamani, ambapo watu wawili wasio na damu moja walipasua punje ya kahawa, kila mmoja akapaka nusu yake damu iliyotoka karibu na kitovu cha mwenzake, wakatafuna, wakawa ndugu kuliko ndugu wa kuzaliwa. Na ngazi zote hizo alipanda Dastan akiwa amesimama chini, akishikilia ngazi isiyumbe.

Mama yake, Benigna, aliingia na kikombe cha uji. Aliketi kitandani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na maneno hayo machache aliyatoa kama mtu anayetoa mbegu ghalani.

"Kunywa," alisema.

"Sitaki, mama."

"Kunywa. Utasemaje mbele za watu na tumbo tupu?"

Klaudia alikunywa. Mama yake alimtazama mpaka uji ulipofika nusu, ndipo akasema lile alilokuja kulisema. Alisema kwamba alipoolewa katika nyumba hii, babu yake Klaudia, mzee Kahangwa, alikuwa bado na nguvu, na alipenda kuanika kahawa kifua wazi. Pembeni ya kitovu chake palikuwa na kovu dogo, kama mdomo uliofumba. Yeye bibi harusi aliliona, akamuuliza mumewe. Mumewe akamjibu kwamba baba ana ndugu yake upande wa Nyanga ambaye hatajwi, kwa sababu padre hataki mambo ya damu, na asiulize tena.

"Sikuuliza tena," Benigna alisema. "Wala jina sikulijua. Nikasahau kabisa, mpaka uliporudi kutoka Ngenge na uso ule."

Klaudia aliweka kikombe chini.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu nisingeweza kukaa na wewe kwenye kikao nikiwa nimekuficha. Lakini mimi sitanyanyua mdomo huko. Hakuna atakayemuuliza mama wa dagaa juu ya historia. Watakuuliza wewe. Utakalosema, mimi nitakuwa nyuma yako."

"Hata nikikana?"

Benigna alichukua kikombe, akatazama ndani yake. "Mimi ni mama yako," alisema. "Nataka uzae. Usiniulize zaidi ya hapo."

*

Yaliyotokea Ngenge yalikuwa hivi.

Msimamizi wake wa chuo, Daktari Najibu, alikuwa amemwambia kwa simu kwamba sura yake ya nne ilikuwa jengo lisilo na nguzo. Wote aliowahoji walikuwa wamesikia juu ya omukago kutoka kwa wazazi wao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona ukifanyika kwa macho yake. Atafute aliyeona, la sivyo sura ife. Klaudia alilia, kisha akaanza novena, sala za siku tisa. Siku ya mwisho ya novena, Dastan alimpigia simu akicheka kwa furaha. Mwalimu mwenzake alikuwa na bibi huko Ngenge, wilayani Muleba, anaitwa Alistidia, ambaye akiwa msichana aliwahi kushika sinia watu wawili walipokuwa wakila kiapo nyumbani kwa baba yake. Klaudia aliimba njia nzima kutoka kanisani.

Walikwenda watatu. Wachumba hawasafiri peke yao, kwa hiyo shangazi yake Dastan, Elieth, alikaa kiti cha mbele na mkoba mapajani, akawachunga. Shangazi Elieth hakuwa amempenda Klaudia kwa haraka. Mwanzo alilalamika kwamba ni Mkatoliki na wao ni Walutheri, na hilo lilipokwisha alilalamikia umri, na umri ulipozoeleka alibakiwa na vitabu. Njiani aliuliza, kwa sauti ya kumtania, ni udaktari gani huu ambao mtu anausomea miaka yote hiyo na hawezi kutibu hata mafua. Dastan alicheka, na Klaudia naye, na shangazi akacheka kuliko wote. Walikuwa na furaha. Alipolikumbuka hilo baadaye, ndilo lililomuuma kuliko yote.

Klaudia alikuwa na desturi moja katika kazi yake. Hakuwatajia wazee ukoo wake kabla ya mahojiano. Mzee wa Kihaya akishajua wewe ni wa nani, anakupimia maneno. Anakupa yanayokufaa na kukuficha yanayokuumiza. Kwa hiyo alipiga magoti mbele ya Bibi Alistidia, akamsalimu kwa heshima zote, na bibi alipomuuliza yeye ni mtoto wa nani, alijibu kwamba ni mwanafunzi tu, atamwambia mwishoni. Aliwaomba na wenzake wasijitaje.

"Basi nimetembelewa na watu wasio na ukoo," bibi alisema, akacheka bila meno. "Haya, kaeni. Migomba nayo haina ukoo, na tunaila."

Kisha alisimulia. Vijana wawili walikuja Ngenge kuchunga ng'ombe wa watu. Mmoja aliumwa na nyoka mbugani. Mwenzake alimfunga mguu kwa kamba ya mgomba, akambeba mgongoni mpaka kwa baba yake bibi, aliyekuwa mganga. Alipopona, walisema hawawezi kuachana hivi hivi. Kahawa ikaletwa, wembe ukaletwa, na yeye msichana akashika sinia. Bibi alifumba macho akayasema maneno ya kiapo kama mtu anayeimba, na Klaudia akasikia nywele zikimsimama:

"Ukibisha usiku sitauliza nani. Ukiwa na njaa, chungu changu ni chako. Ukilia, nitakaa chini ulipokaa. Ukitangulia kufa, nitakufunika kwa mikono yangu. Na mtoto wako ni mtoto wangu."

Ilikuwa nguzo yenyewe. Klaudia alimshukuru Mungu moyoni pale pale. Halafu aliuliza swali la mwisho, ambalo aliwauliza wote kwa mazoea, kalamu ikiwa tayari: vijana hao walikuwa nani, na walitoka wapi?

"Aliyeumwa alikuwa Ndyamukama, wa Nyanga," bibi alisema. "Aliyembeba alikuwa Kahangwa. Kwao Kemondo."

Shangazi Elieth aliweka kikombe chake chini taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Dastan aligeuka kumtazama Klaudia. Bibi Alistidia aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na macho yake mazito ya uzee yakaanza kuelewa. Alimshika Klaudia mkono.

"Mjukuu wangu," alisema, "kwa nini hukunitajia ukoo wako mlangoni, kama binti yeyote anavyofanya? Ningenyamaza."

*

Nyanga, ukungu ulikuwa umeondoka na jua lilikuwa jeupe. Kaka yake Klaudia, Avit, aliyekuja kusimama badala ya baba yao, aliegesha gari nje ya ua. Ndani walikuwa wametandaza nyasi mbichi sebuleni kama siku ya heri. Klaudia aliziona kutoka mlangoni, akazunguka nyumba asiingie.

Dastan alimsubiri nyuma ya nyumba, kwenye mibuni. Ilikuwa imechanua, maua meupe matupu, na harufu yake baada ya mvua ilikuwa nzito. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri na uso wake haukuwa umelala.

"Umelala?" Klaudia alimuuliza.

"Kidogo."

"Muongo."

Walitabasamu kidogo, halafu tabasamu likafa lenyewe. Dastan alimweleza kwamba alikwenda kwa padre wa Klaudia na kwa mchungaji wake. Wote wawili walimwambia jambo moja: kanisa halina kizuizi. Wao si ndugu wa damu. Mungu hajakataza.

"Najua," Klaudia alisema. "Na mimi nilimuuliza padre."

"Basi anayekataza ni nani?"

"Waliomo humo ndani."

"Waliomo humo ndani hawataki kukataza." Dastan alimsogelea. "Baba mkubwa alinieleza jana jinsi kikao kitakavyokwenda. Watakuuliza swali moja tu. Bibi amezeeka, pengine amechanganya majina. Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Ukisema ushahidi wake una mashaka, wataupokea. Wanaungoja, Klaudia. Hata shangazi Elieth anaungoja. Sikuombi useme uongo. Sema tu huna hakika."

"Huo ndio uongo wenyewe."

"Una hakika gani? Ulikuwepo?"

Klaudia hakumwambia habari ya kovu. Alitaka kumwambia, akaona kwamba akimwambia atakuwa amempa mzigo nusu, na huu haukuwa mzigo wa kugawana. Alishika tawi la mbuni, maua yakamwagikia mkononi.

"Unakumbuka somo la kwanza?" alimuuliza. "Mimi nanuka dagaa, wewe na chaki. Ulisema historia si ya wafalme peke yao, hata babu yako anayo. Ukasema shahidi hatupwi kwa sababu maneno yake yanauma. Niliandika. Nimekuwa nikiishi kwa sentensi hiyo."

"Nilikuwa kijana," Dastan alisema. "Sikuwa na cha kupoteza."

Alikaa chini kwenye majani yaliyoanguka, na suruali yake nyeusi ya pasi, akajishika kichwa. Klaudia hakuwahi kumwona akikaa hivyo. Alipoongea tena hakumtazama. Alisema alimsubiri kidato cha nne. Akamsubiri kidato cha sita. Wakati Klaudia yuko chuoni watu walimletea wasichana, na mama yake, Mungu amrehemu, alikufa akiwa amekasirika naye. Akamsubiri shahada ya kwanza na ya pili. Hii ya tatu alidhani ndiyo ya mwisho ya kusubiri.

"Usifikiri nakudai," alisema. "Nilisubiri kwa furaha. Nakuomba tu usiniambie kwamba nilikuwa nikikupandisha ngazi ufike juu uione sababu ya kuniacha."

Klaudia alipiga magoti mbele yake. Ndani ya kibanja kile, pasipo mtu, aliweka kiganja chake juu ya shavu la Dastan, akakiacha hapo. Ndevu zilimkwaruza. Walitazamana muda mrefu, jinsi watu wanavyotazama nyumba wanayohama.

"Nakutaka," alisema. "Wewe, na watoto wako, na huu mji wenu wenye kelele. Nimemwambia Mungu kila siku, amechoka kunisikia. Usidhani sitaki."

"Basi sema huna hakika."

Kutoka mlangoni, shangazi Elieth aliita kwamba watu wamekaa.

Dastan alisimama, akafuta majani. "Nitakutazama wakikuuliza," alisema. "Nitakutazama tu."

*

Baba mkubwa wa Dastan, Ta Philbert kama walivyomwita kwa heshima, alikuwa mwinjilisti mstaafu, mzee mrefu mwenye suti ya kahawia. Alifungua kikao kwa sala ndefu kuliko kawaida, kama mtu asiyetaka kufika mwisho wake. Upande mmoja wa nyasi walikaa Klaudia, mama yake na Avit. Upande wa pili Dastan na shangazi Elieth. Katikati, kwenye kiti chenye mto, walimkalisha Bibi Alistidia, waliyemfuata kwa gari Ngenge asubuhi.

Ta Philbert alieleza jambo bila kuongeza wala kupunguza. Alisema wachumba hawa waliulizana ukoo na mwiko wa ukoo siku ya kwanza, kama inavyotakiwa, na havikugongana. Alisema sasa limezuka neno la omukago. Kama ni kweli, watoto wa nyumba hizi mbili ni ndugu, na wajukuu ni ndugu, na hakuna mzee atakayenyoosha mkono kubariki ndoa ya ndugu. Kama si kweli, rubisi iko ndani na itoke. Avit alikohoa akasema yeye amekuja na kiu, na watu walicheka kidogo, kwa shukrani.

Kisha Ta Philbert alimgeukia bibi, akamuomba aseme.

Bibi Alistidia alichezesha ncha ya fimbo yake juu ya nyasi. "Mimi nimezeeka," alisema. "Jana nilimwita mjukuu wangu kwa jina la ng'ombe. Huenda alikuwa Kahangwa, huenda alikuwa mtu mwingine. Mkisema nimesahau, sitabisha. Mzee akisahau hakuna anayemfunga."

Sebule nzima ilishusha pumzi. Klaudia alielewa alichokuwa akipewa. Bibi yule, ambaye kila alipokuwa akisimulia macho yake yalirudi usichana, alikuwa amesafiri njia yote ya Muleba kuja kujidhalilisha mbele ya watu, ili binti asiye na ukoo apate mume.

"Sasa nakuuliza wewe, mwanangu," Ta Philbert alisema. Alikuwa akimtazama Klaudia kwa upole sana. "Kazi yako ndiyo hii. Umehoji wazee wengi. Shahidi huyu anaaminika, au haaminiki? Utakalosema ndilo tutakalolishika."

Klaudia alimtazama Dastan. Dastan alikuwa akimtazama, kama alivyosema, na hakukuwa na hasira machoni mwake; palikuwa na ombi tu, tupu, kama mkono wa mtu anayezama. Neno moja lilitosha. Lilikuwa limeshafika kwenye meno yake. Aliona mbele yake kila kitu ambacho neno hilo lingezaa: kanisa, mji, sauti ya Dastan akimwita kutoka uani, mtoto mwenye paji la uso la baba yake. Akamwona pia bibi huyu akirudishwa Ngenge kama mzee aliyepoteza akili, na mzee Kahangwa akianika kahawa peke yake, kovu lake limefutwa. Aliomba kimya, sala isiyo na maneno. Alikuwa amesikia kwamba Mungu humpa nguvu anayeomba. Hakupewa nguvu. Alisema hivyo hivyo, akiwa dhaifu.

"Bibi anaaminika," alisema.

Aliyesema kwanza alikuwa shangazi Elieth, yule yule wa vitabu na mafua, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Mwanangu. Fikiri tena. Hakuna anayekuharakisha."

"Nimefikiri, shangazi. Babu yangu alikuwa na kovu pembeni ya kitovu. Mama aliliona."

Benigna aliinamisha kichwa, akaitikia kwa kichwa hicho hicho, mara moja.

Ta Philbert alivua miwani. Aliipangusa kwa tai yake ingawa haikuwa na vumbi. "Na baba yangu alikuwa nalo," alisema. "Nililiona siku tulipomwosha kumzika. Nilijua tangu Elieth aliporudi na habari." Sauti yake ilishuka. "Nilikuwa nimeamua kwamba ukisema haaminiki, nitanyamaza mpaka kaburini. Mungu anisamehe. Nilitaka useme hivyo."

Klaudia alisikia jambo hilo likimwingia polepole, kama maji baridi. Mlango haukuwa umefungwa. Ulikuwa wazi muda wote, na watu wote katika chumba hiki walikuwa wameushikilia apite, na ni yeye mwenyewe aliyeufunga. Alitaka kulia na machozi hayakuja. Mkono wa mama yake ulimgusa mgongoni.

Dastan aliinuka akatoka nje. Walimsikia akitembea uani, kisha hawakumsikia. Ta Philbert hakumwita. Aliingia chumbani, akarudi na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile wanayopewa wageni, akachagua punje moja. Alisema kiapo kilichofichwa kinaoza, na kilichooza kinadhuru watoto. Hakitafichwa tena. Wajukuu watakiri mbele ya nyumba zote mbili na mbele ya shahidi aliyeona, bila wembe, bila damu, kwa sababu damu iliyomwagika kwa ajili ya watu wote yatosha. Watatafuna na kusema maneno. Baada ya hapo kila mmoja awe huru kuoa na kuolewa kwingine.

"Huru," Dastan alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amerudi. Macho yalikuwa mekundu na mikono ilikuwa na udongo, kama mtu aliyeanguka au aliyeishika ardhi. Alivuka nyasi, akapiga magoti mbele ya Klaudia pale pale ambapo mchumba angepiga magoti.

Ta Philbert aliipasua punje kwa ukucha. Iligawanyika sawasawa, kama kahawa inavyogawanyika siku zote. Aliwapa nusu nusu. Ilikuwa chungu na ya moshi ulimini mwa Klaudia. Bibi Alistidia, macho yamefumba, alianza kumtajia Dastan maneno, lakini Dastan alitikisa kichwa. Aliyakumbuka. Alikuwa ameyasikia mara moja tu, Ngenge, na hakuwa amesahau hata moja.

Alisema akimtazama Klaudia usoni, wala hakuharakisha.

"Ukibisha usiku sitauliza nani," alisema. "Ukiwa na njaa, chungu changu ni chako. Ukilia, nitakaa chini ulipokaa. Ukitangulia kufa, nitakufunika kwa mikono yangu."

Shangazi Elieth alikuwa akilia waziwazi sasa. Wote waliokuwa pale walisikia kiapo cha ndugu. Klaudia alisikia maneno ambayo Dastan angemwambia madhabahuni, yakisemwa mara moja, hadharani, kwa njia pekee iliyobaki.

Palibaki sentensi moja. Dastan alifungua mdomo na haikutoka. Alijaribu tena. Aliinamisha kichwa, na mabega yakaanza kutikisika. Bibi alisubiri. Ta Philbert alisubiri. Nje, mtu alipita na ndoo ya senene akiimba.

Klaudia aliichukua mikono yake yenye udongo, akaishika kama dada anavyoweza kumshika kaka yake mbele za watu, na akaianza zamu yake kutoka mwisho, kwa sauti ambayo kila mtu sebuleni aliisikia:

"Na mtoto wako, Dastan, popote atakapozaliwa na kwa yeyote atakayemzaa, ni mtoto wangu."